Siku ya Kuanika Miamba

Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, madobi wanane walisimama kwenye lango la hifadhi ya miamba wakisubiri kuvishwa utepe wa karatasi mkononi. Mkata tiketi alikuwa na mkasi, gundi, na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani. Utepe ulimtosha kila mtu isipokuwa Mama Povu, ambaye mikono yake ilikuwa imevimba kwa miaka arobaini na tisa ya kukamua mashuka ya watu. Mkata tiketi akaunganisha tepe mbili, akapuliza gundi ikauke.

"Usiulowanishe, mama. Ukilowa unakatika, na ukikatika nakuandika umetoka."

"Mimi nisilowe? Mwanangu, mimi hata nikilala nalowa."

"Hilo kamwambie daktari, shemeji," akasema mpiga pasi kutoka nyuma. "Huyu ni wa tiketi tu."

Mpiga pasi alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Povu, na hakuwahi kupitisha siku bila kumchokoza. Alikuja na pasi yake ya mkaa mkononi kwa sababu hakuwaamini majirani. Nyuma yake alisimama mkwe wa Mama Povu, mke wa mwanawe wa kwanza, aliyesoma hadi kidato cha nne na kwa hiyo ndiye aliyebeba fomu. Waliobaki walikuwa madobi watano, wanawake wa mabega mapana na sauti za kuvuka barabara.

Walichokijia kilikuwa kimoja. Ofisi ya hifadhi ilikuwa imetangaza kwamba yeyote aliyefanya kazi penye miamba kabla ya uzio kuwekwa, akithibitisha, atarudishiwa njia ya kwenda kwenye chemchemi ya maji baridi iliyo chini yake, afue pale kama zamani. Mwisho wa kupokea uthibitisho ulikuwa Alhamisi hiyo, saa kumi kamili alasiri. Baada ya hapo dai lingefungwa na lisingefunguliwa tena. Fomu ilitaka hati yenye muhuri, "au ushahidi mwingine wowote ambao ofisi itaona unafaa." Hati hawakuwa nayo, hakuna aliyewahi kumpigia dobi muhuri kwa sababu amefua. Mkwe alikuwa amelipigia mstari lile neno "wowote" mara tatu, mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Basi wakaingia kuutafuta huo wowote, kwa tiketi, kama watu waliotoka mbali.

Habari za uzio ziko hivi, na anayetaka kuzibishia azibishie. Miaka ishirini na sita nyuma, siku ya Jumatano, saa mbili na robo asubuhi, malori mawili yalishusha nguzo mia moja na arobaini. Mkuu wa hifadhi wa wakati huo alipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, ndoo ya mama yake Mama Povu, wala hakuomba, akasema kufua kunaharibu maumbile. Kufikia Ijumaa waya ulikuwa umefungwa, na mashuka sitini na mawili yalikuwa bado yameanikwa upande wa ndani. Hayakurudishwa. Madobi wakahamishiwa kwenye matangi ya saruji nyuma ya stendi ya mabasi, ambako maji yana chumvi na kutu, na shuka jeupe likiingia linatoka na rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Wateja waliondoka mmoja mmoja. Mama yake Mama Povu alifulia huko miaka miwili, akafa akiwa na karai mapajani. Yule mkuu wa ndoo alipandishwa cheo.

Miamba yenyewe ni saba. Imesimama mchangani karibu na maji, mikubwa kama nyumba za ghorofa, imejipinda na kujikunja kwa namna ambazo watu husafiri siku mbili kuja kuzipiga picha. Wageni hupita kwenye njia ya mbao yenye kamba pande zote mbili, na mbele yao huenda mwongozaji mwenye kipaza sauti kifuani na fimbo ya kuelekezea. Asubuhi ile, mbali na madobi, walikuwepo bwana harusi na bibi harusi waliovaa nguo zao za jana, wakitafuta mahali pa kupigia picha.

"Huyu anaitwa Tembo Anywaye," akasema mwongozaji. "Tazameni mkonga unavyoingia majini."

"Tembo!" dobi mmoja akanong'ona. "Si Mashuka ya Hospitali hayo?"

"Na hiki ni Kiti cha Mfalme."

"Hapo ndipo penye soksi. Tulikuwa tunamwaga hapo soksi zilizopotewa na wenzake."

"Kumbe mfalme anakalia soksi," akasema mpiga pasi, na mwongozaji akasubiri wamalize kucheka.

Tembo, yaani Mashuka ya Hospitali, ulikuwa mwamba wa mama yake Mama Povu, na kabla yake wa bibi yake. Miamba ilirithiwa hivyo, kama watu wengine wanavyorithi cherehani. Mama Povu aliutazama kutoka kwenye mbao, mikono nyuma, kama mtu anayetazama kitanda chake mwenyewe kwenye duka la samani. Wenzake walitafuta misumari ya kamba, ilikuwa imeng'olewa. Walitafuta vibao vya kufikichia. Vilikuwa vimeliwa na moto wa walinzi. Kufikia saa tatu na robo, wowote ulikuwa bado haujaonekana.

Mbele ya mwamba uitwao Pazia, mkwe alinyoosha mkono juu ya kamba akalainisha kunyanzi moja. Hakukusudia. Dobi akipita karibu na kitu kilichokunjamana, mkono unamtangulia. Hufanya hivyo kwenye vitambaa vya meza za watu, hufanya hivyo kwenye mgongo wa shati la bwana asiyemjua kwenye foleni ya benki, na huomba radhi baadaye. Kunyanzi lilikuwa na urefu wa mita nne. Lilinyooka kutoka chini hadi juu, na halikurudi.

Mwongozaji alizima kipaza sauti. "Dada, kunyanzi hilo liko kwenye ratiba."

"Samahani, kaka."

"Natakiwa kulizungumzia dakika tatu."

"We zungumza tu," akasema mpiga pasi. "Sisi tulioliona tutakuitikia."

Mama Povu alivuka kamba. Alilishika Pazia kwa kidole gumba na cha shahada, akalifikicha, akalinusa, akatoa ulimi kidogo akaonja. Kisha akageuka na uso wa mtu aliyeingia nyumbani kwa binti yake akakuta vyombo vya wiki nzima.

"Limekakamaa chumvi," akasema. "Halijasuuzwa tangu tuondoke. Jamani, aibu gani hii? Watu wanakuja mpaka na maharusi wao kupiga picha na uchafu. Shika pembe hiyo."

Wakashika. Mwamba ukaachia mchanga bila vurugu. Ulikuwa mzito kama blanketi la watu wawili lililolowa, si zaidi. Mlinzi alikuja mbio, akasimama, akakisoma kibao cha masharti chote kwa kidole, mstari kwa mstari. Kilikataza kugusa kwa kucha, kupanda, kuandika majina, kuvunja na kuchukua. "Kufua hakumo," akasema, akarudi kivulini.

Vipande vitano vya sabuni ya mche vilitoka mahali vilipokuwa vimefichwa, ambapo si pa kuandikwa. Chemchemi ilikuwa pale pale, baridi ile ile, na madobi walipotumbukiza miguu walipiga ukelele mmoja, watu wazima wale, kama mabinti waliomwagiwa maji shingoni. Utepe wa Mama Povu ulilowa ukakatika saa tatu na nusu. Mlinzi aliuokota, akaupeleka langoni, na mkata tiketi akaandika kitabuni kwamba ametoka. Mama Povu alikuwa amepiga magoti ndani ya maji, povu limemfika kwenye viwiko.

Kukamua mwamba hakuna tofauti na kukamua blanketi. Wanne walishika huku, wanne kule, wakasokota kinyume. Yakatoka maji ya kijivu, ukatoka mchanga, zikatoka kofia mbili za jua na kifuniko cha kamera. Kisha kikatoka kicheko.

Kilikuwa kicheko cha zamani. Miaka yote ile wanawake walikuwa wakifua pale huku wakichekana, wakiwacheka waume zao na mama wakwe zao, wakizicheka chupi za wakubwa, ambazo matundu yake dobi anayajua kuliko mwenye chupi. Na kicheko kilikuwa kimelowea ndani ya jiwe kama maji yanavyolowea, kikakaa. Sasa kilidondoka tone kwa tone. La kwanza lilimwangukia mkwe kwenye mguu, naye akaanza kucheka kuanzia kisigino. Kikapanda gotini, kikamfika kiunoni akainama, na kwa heshima ya mama mkwe wake akajitahidi kukizuia kwa mkono mdomoni, kikamtokea masikioni.

"Cheka tu, mwanangu," Mama Povu akamwambia. "Hicho ni cha shangazi zako. Hakina adabu hata kikizuiwa."

Pazia lilitoa kicheko cha wasichana. Mkate, mwamba wa mviringo ulio karibu na vyoo, ulitoa kicheko cha mtu aliyeambiwa asicheke msibani. Kiti cha Mfalme kilitoa kwikwi tu, moja moja, hazifanani. Mwongozaji alirukiwa na matone usoni na kicheko chake kikapita kwenye kipaza sauti kikaenda hadi maegesho, ambako dereva wa basi la watalii alianza kucheka peke yake akiwa na gazeti la vifo. Bwana harusi alivua koti akaomba apewe pembe naye. Bibi harusi alicheka mpaka gauni likashuka bega, na mpiga pasi akalipiga pasi hapo hapo mwilini mwake, bila mkaa, kwa umahiri tu, akisema harusi nzuri lakini aliyelipiga mara ya kwanza ni mwizi.

Wa mwisho ulikuwa Mashuka ya Hospitali. Ulihitaji watu kumi na mlinzi. Waliusokota, ukakaza, ukakataa, ukaachia, na kicheko kilichotoka kilianzia juu sana, kikakatwa na kikohozi katikati, kikamalizikia kwa "we mwana we!"

Mama Povu aliachia pembe.

"Mama huyo," akasema.

"Ndiye," akasema mpiga pasi, akipangusa macho. "Ananicheka mimi. Hata leo ananicheka mimi."

Mama Povu alisogea pale kicheko kilipokuwa kinadondokea, akakinga viganja, akanawa uso. Alicheka kwa muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza aligeuza pindo la mwamba, kwa sababu ndivyo dobi anavyofanya na kila kilichotoka majini: hutafuta alama ya mwenyewe. Kila dobi ana yake, mishono ya uzi ndani ya pindo, ili nguo za huyu zisiende kwa yule. Ya mama yake ilikuwa mishono mitatu myekundu na fundo. Alikuwa na tabia ya kutia alama kila kilichopita mkononi mwake, na mwamba ule ulipita mkononi mwake miaka thelathini na mmoja. Kwenye pembe ya chini, ndani kabisa ya pindo, palikuwa na mishono mitatu myekundu na fundo.

"Wowote," akasema mkwe. Akaitoa fomu kifuani.

Pa kuanika hapakuwa na kamba. Palikuwa na uzio. Wakaianika miamba yote saba kwenye uzio, mmoja baada ya mwingine, hadi ikaenea mita mia tatu. Ulikuwa uzio mzuri sana kwa kuanikia. Katika miaka ishirini na sita ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya kazi ya maana. Saa nane na nusu jua lilikuwa kali, miamba ilikuwa ikitoa mvuke na kunukia sabuni, na mkwe akaenda kumwita meneja.

Meneja wa sasa ndiye aliyeshika mwisho wa futi ya kupimia siku ile ya nguzo. Yeye alikuwa amelisahau hilo. Alikuja na faili, muhuri na miwani ya kusomea, akaipita miamba mitano iliyoanikwa akiihesabu kwa kalamu, akaridhika kwamba haijapungua. Penye wa sita akakanyaga dimbwi. Soli yake ya kulia ilikuwa na tundu.

"Nani anayeda—hi!" akasema. Akasimama wima, akavuta pumzi. "Nani anayedai hapa?"

"Mimi, bosi," akasema Mama Povu.

"Nawaomba mnyamaze nipate kuwa mkali. Ha! Samahani. Ushahidi uko wapi?"

Akaonyeshwa pindo. Akavaa miwani.

"Huu ni uzi."

"Ndiyo, bosi."

"Mwekundu. Ndani ya jiwe."

"Ndani ya pindo la jiwe," akasahihisha mpiga pasi. "Tusichanganye mambo."

"Na hiki kicheko kinachonipanda mguuni ni cha nani?"

"Cha mama yangu. Subiri, kikohozi kinakuja."

Kikohozi kikaja. Meneja akaandika: kikohozi kimesikika. Alikuwa anacheka mpaka miwani ilimtoka puani, lakini mwandiko wake ulibaki umenyooka. "Mimi si mtu wa kukataa kilicho mbele ya macho yangu," akasema, na madobi wakashikana mikono, mmoja akaanza kurukaruka, tangi la saruji likamtoka moyoni. Mkwe aliangalia saa. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Kilichobaki kilikuwa muhuri.

Hapo ndipo upepo wa alasiri ulipoingia kutoka baharini.

Anayejua kuanika anajua ilivyo. Miamba saba, mikavu nusu, ilijaa upepo mara moja na kuanza kupiga kofi juu ya uzio: pa, pa, pa. Pazia likajitandaza hadi likafunika jua la maegesho. Mkate ukaviringika juu ya waya. Madobi wakatawanyika wakikimbia, kila mmoja na pembe yake, wakitupwa juu hatua mbili na kushuka moja, khanga zinapepea, wakipiga kelele za furaha zilizosikika hadi barabara kuu. Mashuka ya Hospitali ukachomoka kwenye nguzo. Meneja alikuwa ameshika pindo, kwa kuwa alikuwa bado anakagua fundo. Akaenda nao juu.

Alisimama hewani kwenye kimo cha ghorofa tatu, viatu vinaning'inia, faili kwapani. Mama Povu, mkwe na mpiga pasi walikuwa wamening'inia kwenye pembe ya chini, nyayo zao zinagusa mchanga na kuachia.

"Usiachie, bosi!" mkwe akapiga kelele.

"Siachii! Niko kazini!" Meneja akachungulia chini. "Saa ngapi huko?"

"Tisa na nusu!"

"Basi tuendelee, muda usije ukatupita. Dai nimelitazama." Sauti yake ilitulia kule juu, kwenye hewa safi, ni tumbo tu lililokuwa likiruka kwa kicheko. "Uzi upo, nimeuona, ila hauna tarehe. Kicheko kipo, nakikiri, ila hakina muhuri. Na kwa mujibu wa kitabu cha langoni, mdai alitoka hifadhini saa tatu na nusu. Kwa hiyo kila kilichofuliwa baada ya hapo kimefuliwa na mtu asiyekuwepo."

"Bosi," Mama Povu akasema kutoka chini, "si unaniona?"

"Nakuona vizuri sana, mama. Nakuona hata utosi."

"Basi nipo."

"Upo. Ila kitabuni haupo, na mimi nafanya kazi na kitabu."

Pembe ikavuta. Mpiga pasi akamsogezea mdomo sikioni. "Tumwachie aende zake, shemeji. Upepo huu unafika nchi ya pili. Huko watampa kazi anayoiweza."

Wale watano waliokuwa wamewahi kufika wakashika nao, wakasubiri neno lake. Hakuna aliyekuwa amekasirika usoni. Kicheko kilikuwa bado kinawachuruzika hadi kwenye viwiko, na shauri lenyewe lilionekana jepesi, la kufungua vidole tu. Mama Povu aliutazama mwamba ulivyojaa upepo. Uliitoa sauti ile, ikakohoa, ikaita "we mwana we!"

"Huu ni wa mama," akasema. "Simpi huyu. Vuteni. Taratibu, usichanike."

Wakamvuta mkono kwa mkono kama wanavyoteremsha shuka lililopanda juu ya paa. Alitua saa kumi kasoro dakika mbili. Akawashukuru mmoja mmoja, akajifuta mchanga, akaupulizia muhuri pumzi ya moto, akasubiri mshale wa saa ufike kumi, akapiga: HAKUNA USHAHIDI. Kwa kuwa alikuwa bado anatikisika, ulipiga mara mbili.

Mkwe aliishika ile fomu akaisoma yote, hadi jina la kiwanda cha karatasi. Akacheka, machozi yakimshuka, kwa sababu maji yale ya kicheko yalikuwa yamemlowesha mno na hakuwa na kingine cha kutoa.

"Lakini jambo lenyewe ni zuri," meneja akasema, akiitazama miamba. "Sikujua kama inaanikika. Tutaiweka kwenye ratiba, kila Alhamisi. Ninyi mkija mtakaribishwa kama mgeni yeyote." Mwongozaji akauliza mwanikaji atakuwa nani. Meneja akasema ofisi itajifunza.

Saa kumi na moja kengele ililia na watu wote wakatolewa. Miamba, iliyokuwa imerudishwa yote kwenye uzio, ilibaki pale imalizie kukauka. Madobi walikuwa wamefika mita mia mbili barabarani, viatu mkononi, bado wanachekana kuhusu soksi za mfalme, wakati wingu lilipokuja juu ya bahari na tone la kwanza likagonga bati la kibanda cha mlinzi.

Wote wanane waligeuka kabla hawajajua kwamba wamegeuka. Walirudi mbio kama mtu anavyorudi mbio akikumbuka nguo kambani, wakafika langoni, na lango lilikuwa limefungwa.

"Kijana, fungua, mvua!" Mama Povu akamwambia mkata tiketi.

"Mama, saa za wageni zimeisha."

"Mvua haina saa! Italowa!"

"Naona. Wanaanua."

Kweli walikuwa wanaanua. Ndani ya uzio, meneja na mwongozaji walikuwa wamelishika Pazia kila mmoja anavyojua, wakilikokota kwenye mchanga mbichi. Madobi wakauvamia waya wote wakapiga kelele kwa pamoja.

"Waache," akasema mpiga pasi. "Shemeji, nakwambia waache. Wameandika haupo. Basi usiwepo."

Mama Povu alishika waya kwa mikono miwili. Mvua ilikuwa inakaza. Mashuka ya Hospitali ulikuwa wa tano kutoka pale waliposimama, na upindo wake ulikuwa umeanza kuburuza tope.

"Pembe na pembe!" akapaza sauti. "Bosi! Pembe na pembe! Mwenzako arudi nyuma mpaka ukaze!"

"Hivi?"

"Siyo! Nyanyua mikono, wewe si maiti! Sasa mfuate. Kidole chako juu ya kidole chake. Shika katikati. Haya, kunja."

Mwamba ukakunjika. Meneja aliufurahia kama mtoto aliyefunga kamba ya kiatu. Wakaenda kwa wa pili. Madobi walisogea nao upande wa nje, nguzo kwa nguzo, wakiwafundisha kwa zamu, jinsi ya kuukung'uta kabla ya kuukunja, jinsi ya kuupakata usiburuze, mahali pa kuweka kidevu. Hakuna kitu walichokificha. Mpiga pasi mwenyewe alisahau alichosema, akamtukana mwongozaji kwa kuweka kola ndani. Kicheko cha mwisho kilichokuwa kwenye miamba kilikuwa kinakamuliwa na mvua, na watu wa ndani na wa nje walikuwa wanacheka wote, usingesema kwamba kulikuwa na ugomvi.

Mashuka ya Hospitali uliingia wa mwisho. Meneja alisimama nao karibu kabisa na waya, umekunjwa mara sita, umemfika kidevuni. Palibaki kunyanzi moja ubavuni. Mkono wa Mama Povu ulikuwa tayari umenyooka kulilainisha, ukagota kwenye waya.

"Hapo, bosi," akasema. "Pitisha kiganja hapo. Polepole. Ndiyo."

Meneja akapitisha kiganja. Kunyanzi likalala.

"Kumbe kazi yenyewe rahisi," akasema, kwa furaha ya kweli, akauingiza mwamba ndani ya ofisi, akafunga mlango.

Madobi wakashika njia ya stendi. Walikuwa wamelowa chapachapa, na matangini kulikuwa na mashuka arobaini ya watu yanayowangoja kwenye maji ya chumvi, na walicheka njia nzima, hata pale ambapo mmoja wao alisema jamani basi, mbavu zinauma, tunacheka nini.